Vidole Vinne vya Fundi Pazia

Usiku ule simu ililazwa juu ya cherehani, kati ya kopo la vifungo na mkasi, na wanawake wawili wakaikodolea macho kama watu wanaochunga maziwa yasifurike jikoni. Mmoja alikuwa fundi wa nguo za kike, mama wa miaka hamsini na miwili. Wa pili alikuwa binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidosho tangu akiwa na miaka mitano, kwa sababu ya kiuno ambacho mkanda wa kawaida ulikizunguka mara mbili. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, mtoto wa miezi minane amelala mapajani pake, na jina hilo lilimchoma kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo.

Kampuni moja ya bima ilikuwa inatafuta mtu wa kukaa mapokezi. Kidosho aliandika barua, akajibu maswali yao kwa simu, na wakamwambia watakaofaa wataarifiwa siku hiyo. Siku ikapita. Jua likazama, chakula kikaliwa nusu, kikafunikwa. Ilipokaribia saa nne, simu ikatetemeka hadi ikagonga kopo la vifungo.

"Soma wewe," Kidosho alisema.

"Miwani sijui nimeiweka wapi."

"Iko kichwani kwako, mama."

Fundi akaishusha, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Ameitwa kwenye usaili. Keshokutwa, saa tatu asubuhi. Avae mavazi nadhifu ya ofisini.

"Si nilikwambia! Sauti yako peke yake imewatosha."

"Ndiyo," Kidosho alisema. "Sauti ndiyo waliyoisikia. Mimi hawajaniona."

Akainuka na mtoto, akaingia chumbani. Fundi alibaki palepale akisikiliza, maana mtu aliyeshona kwa miaka thelathini huijua nguo hata kwa sauti. Akasikia zipu ya sketi nyeusi ikipanda, ikakwama njiani, ikarudi. Akasikia kifungo kikiruka na kugonga sakafu. Akasikia hanga zikigongana, moja, mbili, hadi saba. Halafu komeo la mlango.

Moyo wa yule mama ulikuwa na tabia ya kulitangulia jambo na kumrudia na habari mbaya. Usiku kucha ulikwenda na kurudi. Tangu duka la viatu alikokuwa akiuza lifungwe na mtoto azaliwe, Kidosho alitoka nyumbani kwenda kliniki tu, amejizungushia mtandio kutoka mabegani hadi magotini hata jua linapowaka. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alipita nyumbani mara moja katika wiki sita, akamtazama, akasema kwa moyo mweupe, "Umejaa vizuri." Kidosho alilia siku nzima, na mwanamume wa watu akaondoka bila kujua kosa lake. Kazi nyingine ingepatikana, leo au mwakani. Hilo fundi alilijua. Alichokiogopa ni ule mlango. Mlango ukishazoea kufungwa, kuufungua ni kazi ya seremala, na yeye alikuwa mshonaji tu.

Asubuhi mlango ulifunguka upana wa mtoto. Mjukuu akatolewa, ukafungwa.

"Nitakushonea," fundi alisema, mjukuu kiunoni. "Kitambaa kipo, kile cha kijivu. Toka nikupime."

"Hunipimi."

"Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Ndiyo maana. Usiniguse tumbo, mama."

Hapo ndipo mtu mwingine angekosa la kufanya. Lakini yule mama hakuitwa Fundi Pazia bure. Zamani, alipoanza kazi, aliwahi kumpima mteja mmoja kiunoni akaitamka namba mbele ya wanawake watatu waliokuwa wakisubiri. Mteja alichukua mkoba wake, na hakuonekana tena mpaka leo. Tangu siku hiyo fundi hakumpima mtu tumbo. Alitundika pazia kwenye kona ya sebule, pazia zito la buluu iliyokolea, alilolishona kwa kitambaa cha suti alichobakiwa nacho. Mabega, kifua na urefu alivipima mwenyewe. Ikifika zamu ya tumbo, alimpa mteja uzi mnene wa pamba, mteja akaingia nyuma ya pazia, akauzungusha palipo panene kuliko pote, akafunga fundo, akautoa. Hakuna namba, hakuna shahidi.

Ila kila mwanamke, hata mcha Mungu wa namna gani, akiwa nyuma ya pazia na uzi mkononi, hubana tumbo. Hajui kama anabana. Ni kama kufumba macho ukipiga chafya. Kwa hiyo fundi alikuwa na sheria yake asiyomwambia mteja: fundo likishatoka, aliongeza upana wa vidole vinne. Nguo zikawakaa watu vizuri, nao wakaenda wakijisifu kwamba wamepungua.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu zaidi yake, naye ni Kidosho, aliyekulia chini ya meza ya kukatia akiokota pini kwa sumaku.

Fundi akapitisha uzi chini ya mlango. Baada ya muda ukarudi, una fundo.

Akakaa nao mkononi kitambo. Aweke vidole vinne, asiweke? Huyu ni mtoto wa kazi hii, aliwaza. Anajua kila kitu, hawezi kubana. Nikiongeza, gauni litakuwa hema, na hema haliendi kwenye usaili. Maana wengi wana kosa hilo: wakiona tumbo limekuja, wanakimbilia nguo pana. Nguo pana haifichi tumbo. Inatangaza tu kwamba kuna kitu kinafichwa. Akalipima lile fundo kama lilivyo, akalaza kitambaa mezani, akachukua chaki.

Kwa kukata hakuwa na wasiwasi; mabega, kifua na urefu wa binti yake alivijua. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizito kiasi, cha kuanguka, si kile laini kinachong'ang'ania mwili kama mdai. Shingo aliikata pembe, ishuke kidogo, ili jicho la mtu likianzia usoni literemke katikati moja kwa moja bila kutanga. Mshono wa kugawa juu na chini hakuuweka kiunoni. Aliupandisha chini ya kifua, mahali ambapo kila mwanamke ni mwembamba, awe amezaa mmoja au tisa. Kutoka hapo kitambaa kishuke wima hadi chini kidogo ya goti, bila mkanda, bila mfuko, bila rinda hata moja. Mikono iishie juu ya kiwiko. Mafundi wengi hulisahau hili: kiwiko kiko usawa wa tumbo, na mkono wa nguo ukiishia hapo, jicho linavuka kutoka ukingo huu kwenda ule na njiani linapita palepale ulipotaka lisipite.

Saa saba mchana aliingia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mnene mchangamfu aliyepika katika kantini ya kiwanda. Alikuja kuchukua blauzi yake. Alipumua kwanza, kisha akauona mlango.

"Huyo yuko humo tangu lini?"

"Tangu jana usiku. Nguo hazimwingii."

"Nguo hazimwingii!" Wifi akauendea mlango, akaupiga kwa kiganja. "Wewe! Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?"

"Shikamoo shangazi," sauti ikatoka.

"Marahaba. Toka. Mimi tumbo langu linafika mahali dakika mbili kabla yangu, na watu wanasogea lipite."

"Wewe uko jikoni, shangazi. Huketi mapokezi."

"Kweli. Lakini anayetaka chakula haniulizi kiuno." Akageuka, akashusha sauti, ambayo hata hivyo ilisikika mpaka barabarani. "Wifi, mkaze na ule mkanda wa kubana. Mimi ninao."

"Wa kubana ukikaa unabana katikati, halafu nyama inatafuta pa kutokea," fundi alisema bila kuinua macho. "Atakaa kwenye kiti mbele ya watu nusu saa. Anatakiwa apumue."

Wifi akajaribu blauzi yake nyuma ya pazia, akatoka, akajigeuza mbele ya kioo.

"Vipi?"

"Umependeza," fundi alisema.

Nyuma ya mlango kukasikika kicheko kifupi kisicho na furaha. Wifi hakukisikia. Fundi alikisikia, kikamkaa.

Kufikia magharibi gauni lilikuwa tayari, limepigwa pasi. Mlango ukafunguka upana wa gauni. Fundi akasubiri, mjukuu anavuta miwani yake. Akasikia kitambaa kikishuka mwilini. Akasikia zipu ya mgongoni. Ilipanda, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Mama."

"Nipo."

"Halifungi."

"Haliwezi kukosa kufunga. Nimekata kwa fundo lako."

"Limebaki wazi mgongo mzima."

Fundi akamhamisha mjukuu kutoka mkono huu kwenda ule. Wazo likamjia, baya na la kuchekesha kwa pamoja.

"Ulipofunga fundo, ulibana?"

Zipu ikateremshwa.

"Kidosho. Ulibana?"

"Nilibana. Si huwa unaongeza vidole vinne?"

"Kwa wateja! Wewe si unajua siri? Nikajua hutabana. Sikuongeza hata kimoja."

"Na mimi nikajua utaongeza tu, hujawahi kuacha. Nikaona nikipumua utanishonea hema."

Kutoka nyuma ya mlango kikaja kicheko, hiki sasa cha kweli, na mama naye akacheka hadi mjukuu akashtuka. Lakini kicheko cha Kidosho kilipinda njiani, kikaishia mahali pengine, na fundi akaujua mwisho huo bila kuuona.

"Basi, mama. Nitawaandikia kwamba siji."

"Usiandike kitu. Lete gauni."

"Kuna nini cha kuleta? Kitambaa kimekwisha."

"Lete gauni, nimesema."

Gauni likatoka. Sauti ikalifuata. "Hata ukilitengeneza, nitakuuliza nimekaaje na utasema nimependeza. Unawaambia wote. Nimekaa chini ya meza hiyo miaka yote, sijakusikia ukisema neno jingine. Sauti ileile, hata kwa yule uliyemshonea kama gunia."

Fundi alikuwa na jibu la mteja, lile la kufuta machozi, lipo tayari mdomoni. Akalimeza. Akaenda mezani.

Alikaa na wembe akafumua mishono ya ubavuni, wa kushoto na wa kulia, kutoka kwapani hadi pindo. Gauni likabaki limeshikana mabegani tu, mbele huku na nyuma kule. Akiba ya mshono ilitoa kidole kimoja tu kila upande, na kuitoa yote ni kuomba kitambaa kichanike. Kilichohitajika ni kipande cha kutia katikati, kila ubavu, kirefu, cha uzito uleule. Kijivu hakikuwapo hata cha kufunikia kifungo. Maduka ya vitambaa yalishafungwa. Akatazama kabati. Akatazama gauni lake la kutokea; jepesi mno. Macho yakafika kwenye kona, yakatulia hapo.

Akalishusha pazia.

Kitambaa cha suti, buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Alikikung'uta dirishani, akakipiga pasi ya mvuke, akakata vipande viwili vyembamba juu na vinavyotanuka kidogo chini. Na alipokata, aliongeza vidole vinne juu ya lile fundo, kisha akaongeza nafasi ya kukaa na kupumua, kama alivyopaswa kufanya tangu asubuhi. Akavipigia bandi kwanza kwa mkono, mishono mirefu ya kujaribia, akalitundika gauni kwenye hanga, akarudi nyuma hatua tatu.

Alichokiona kilimfanya avue miwani, aifute, aivae tena. Kijivu kilibaki katikati, chembamba, kimeshuka kutoka kwenye pembe ya shingo hadi chini. Ubavuni ile buluu ilirudi nyuma kama kivuli. Ukilitazama kwa mbali ulimwona mwanamke wa upana wa kile kijivu. Sehemu iliyobaki, jicho liliiacha gizani. Aliwahi kuona magauni ya namna hiyo madukani akadhani ni mapambo tu. Miaka thelathini, akawaza, na bado najifunza kwa kukosea. Akaketi, akakanyaga cherehani.

Asubuhi, saa moja na nusu, mtoto alitolewa mlangoni na gauni likaingizwa. Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, kinachotazamana na mlango. Wifi alikuwa ameshapita njiani kwenda kazini. Aliiona kona tupu, akashika kiuno.

"Umekata pazia? Sasa sisi tutabana matumbo wapi?"

"Hamtabana. Nenda, utachelewa."

Saa mbili kasorobo. Kutoka hapo hadi kwenye ofisi ya bima ni dakika arobaini kwa miguu na basi. Fundi alisikia zipu ikipanda bila kusimama mpaka juu. Akasikia kiatu kimoja, kisha cha pili. Hatua hadi kwenye kioo cha kabati. Halafu hakusikia kitu, muda mrefu, na moyo wake ukatoka mbio kwenda kutafuta habari mbaya.

"Limefunga," Kidosho alisema.

"Nimesikia."

"Nina mwinuko hapa mbele. Bado unaonekana." Viatu vikageuka mbele ya kioo. "Mama, nimekaaje?"

"Sijakuona. Lakini gauni nalijua, na wewe nakujua."

"Basi sema. Na usiniambie nimependeza."

Mjukuu alikuwa ameushika uzi wa pamba wenye fundo, anautafuna. Fundi akamnyang'anya taratibu, akauzungusha kidoleni. Maneno aliyokuwa anayatafuta hakuwahi kumwambia mwanamke yeyote katika chumba kile.

"Tumbo linaonekana," alisema.

Ndani hanga ikagonga kabati.

"Ukisimama wima linaonekana kidogo. Ukikaa litaonekana zaidi, kwa hiyo usivute nguo, usiweke mkoba juu yake, maana ukilifunika watalitafuta. Weka mkoba chini. Mtu akikutazama ubavuni, litaonekana kabisa, hakuna mshono unaoweza kulifuta. Mimi siwezi. Lakini mlangoni utaingia ukiwatazama, na watakuona usoni kwanza, kwa sababu shingo nimeikata hivyo. Halafu watateremka kwenye kijivu. Hawatakwenda pembeni, hakuna cha kuwaita huko. Mabega yamekukaa, hayo sisemi kwa kukubembeleza, niliyapima zamani na hayajabadilika. Mkono wa kushoto nimeukosea nusu kidole, umekuwa mrefu kuliko wa kulia. Ataugundua fundi tu, na kwenye bima hakuna fundi."

Alikuwa hajasema maneno mengi hivyo kwa mara moja tangu msiba wa mumewe.

"Umemaliza?"

"Pindo la nyuma halijapata pasi vizuri. Nimemaliza."

Saa ya ukutani ikaenda. Mbili kamili. Fundi hakubisha mlango wala hakuita. Alimsimamisha mjukuu juu ya mapaja yake, akamwekea sawa kola, akaivuruga, akaiweka sawa tena.

"Mkono wa kushoto," Kidosho alisema kutoka ndani. "Nusu kidole?"

"Nusu."

"Nilikuwa nimeuona."

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka, si kwa upana wa mtoto wala wa gauni, ukaenda mpaka ukagonga ukuta. Kidosho alikuwa amesimama hapo, mtandio haupo, mkoba mkononi, na mkono wa kushoto ameunyoosha mbele.

"Unao uzi na sindano?" alisema. "Fanya haraka, basi haliningoji."